Fundi wa Hezi 50

Biashara ya vyombo vya muziki imejaa madai yasiyopimika. Waya husifiwa kwamba unafungua sauti, kibao cha mti fulani chini ya amplifaya husemwa kinaleta uhai, na msikilizaji hana pa kuyashika maneno hayo. Ndiyo maana naistahi sana kazi moja isiyo na umaarufu: kuunda na kutengeneza pawa saplai za mota za mashine kongwe za santuri. Deni la fundi wa kazi hii linajulikana. Santuri ndefu, tangu Columbia walipoitoa mwaka 1948, inatakiwa izunguke mara 33⅓ kwa dakika. Ile ndogo iliyotolewa na RCA Victor mwaka 1949, mara 45. Akizidisha au akipunguza, yeyote mwenye karatasi yenye mistari na taa inayowaka na kuzimika kwa mpango atamkamata. Ufundi unaojiweka wazi kiasi hicho mbele ya kipimo unastahili sifa, na sifa hiyo haitegemei kama mtu anapenda santuri au la.

Mota nyingi za mashine za santuri zinazozungushwa kwa mkanda, za miaka ya 1960 na 1970, kama Thorens TD 150 au Linn Sondek LP12 ya Glasgow, ni za aina ya sinkronasi. Kasi yake haifuati volti. Inafuata idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, yaani hezi. Mota ya LP12 ina ncha 24 za sumaku, kwa hiyo umeme wa hezi 50 huizungusha mara 250 kwa dakika, kisha puli na mkanda huigawa kasi hiyo kwa 7.5. Hapo pana mtego unaowanasa wengi kwetu. Mashine iliyonunuliwa Marekani au Saudi Arabia, ambako umeme ni wa hezi 60, huja na puli iliyochongwa kwa hezi 60. Mwenyewe anaitafutia transfoma ya kushusha volti kutoka 230 hadi 110, anaichomeka Dar es Salaam au Nairobi, sahani inazunguka kwa utulivu, na anaamini kazi imekwisha. Lakini transfoma hubadilisha volti tu. Hezi zimebaki 50, santuri ya 33⅓ haifiki hata mara 28 kwa dakika, ile ya 45 inazunguka mara 37.5, na mwimbaji ameshuka nusu-toni tatu. Mama mwenye sauti nyembamba anageuka kuwa na sauti ya kiume. Pawa saplai inayozalisha hezi 60 zake yenyewe inaondoa kosa hilo bila kubadili puli, na ikipandishwa hadi hezi 81 inatoa kasi ya 45 bila mtu kugusa mkanda.

Pingamizi la kwanza ni zito, nami nalikubali kwa sehemu. Atasema mtu: kama mashine ina puli sahihi, umeme wa gridi unatosha. Ushahidi wake ni mzuri. Mwanzoni mwa mwaka 2018, mgogoro kati ya Serbia na Kosovo uliacha pengo katika uzalishaji wa umeme, na saa za jikoni zinazohesabu hezi za gridi zilichelewa karibu dakika sita barani Ulaya kufikia Machi. Jambo hilo lilitangazwa dunia nzima, ilhali wastani wa gridi ulikuwa umeshuka hadi hezi 49.996 tu. Hakuna sikio linaloweza kubaini tofauti hiyo katika wimbo. Anayeuza pawa saplai kwa kuahidi kwamba itaokoa muziki na gridi ya Ulaya anauza hofu. Kwenye jenereta ya dizeli hali ni nyingine, maana kasi ya injini hushuka mzigo unapoongezeka na hezi hushuka nayo. Hata hivyo hoja yangu haisimami juu ya jenereta. Mota hizi zina koili mbili, na kila koili inahitaji umeme uliopishana na mwenzake kwa nyuzi 90 kamili. Viwanda vililitimiza sharti hilo kwa kapasita moja ya bei nafuu, ambayo huweza kukosea kwa asilimia kumi hata ikiwa mpya. Fezi zisipolingana mota inatetemeka mara 100 kwa sekunde, palepale zinapopita noti za gitaa la besi, na sindano inayosoma mikwaruzo midogo kuliko unywele haina namna ya kukataa mtetemo huo. Fundi anayeunda mawimbi mawili safi, akarekebisha pembe na volti ya kila koili huku akipima mtetemo, kisha akapunguza volti mota ikishashika kasi, amefanya jambo ambalo gridi haiwezi kulifanya hata ikiwa na nidhamu ya malaika.

Na kipimo chenyewe kinataka kuchunguzwa. Karatasi ya mistari ya hezi 50 ina mistari 180, ambayo huonekana imesimama ikimulikwa na taa inayowaka mara 100 kwa sekunde kasi ikiwa 33⅓. Lakini ukiimulika kwa taa ya umeme uleule unaoizungusha mota, gridi ikiyumba taa nayo inayumba, na mistari inaendelea kusimama kama shahidi aliyefundishwa la kusema. Kwa hiyo fundi makini hutumia taa inayoongozwa na fuwele ya kwatzi, au santuri ya majaribio yenye mlio wa hezi 3150 unaosomwa kwenye kompyuta.

Upande wa matengenezo ndio unaonivutia zaidi, kwa sababu hapo fundi anasoma mawazo ya mwenzake aliyemtangulia. Chukua bodi ya Valhalla ambayo Linn waliitoa mwaka 1982. Ndani yake kuna fuwele inayotetemeka mara 3,276,800 kwa sekunde. Gawa kwa mbili mara 16 mfululizo, unapata 50 bila salio. Hesabu ya namna hiyo ni nzuri kwa macho yangu kama ushairi wenye vina kamili. Lakini bodi hiyohiyo haina transfoma ya kuitenga na umeme wa ukutani. Umeme wa volti 230 ukinyooshwa na diodi unafika karibu volti 325, na kapasita huweza kuushika hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayebana waya wa ardhi wa osiloskopu mahali asipopajua anaweza kulipua bodi, kifaa chake na hata kupoteza maisha, ndiyo maana transfoma ya kutenga hutangulia kila kitu mezani. Kisha kuna joto. Kanuni ya mafundi husema kila nyuzi kumi za sentigredi zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita ya elektroliti kwa nusu, na rezista za bodi hii zimekuwa zikiichoma fiba ya chini yake hadi ikawa ya kahawia. Fundi mvivu hubadilisha kilichoungua na kumrudishia mteja mashine. Fundi ninayemsifu anaweka rezista yenye uwezo mkubwa zaidi, anaiinua juu ya bodi ili hewa ipite, anachagua kapasita za nyuzi 105, na anaandika alichobadilisha pamoja na volti alizozikuta na alizoziacha, ili atakayefungua baada yake asianze na giza.

Wengine watasema Technics walishalimaliza suala hili kwa mota zilizofungwa kwenye kwatzi, SP-10 Mk2 mwaka 1975 na SL-1200 Mk2 mwaka 1979. Ni kweli, nazo ni kazi za kuheshimiwa. Ila kapasita zao nazo huzeeka na kuhitaji mkono uleule. Atakayesema huu ni mchezo wa matajiri ningemwelekeza kwenye makasha ya santuri za 45 zilizotolewa Nairobi miaka ya 1960 na 1970, na kwenye sahani za awali za taarab, zikiwemo zile ambazo Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928. Kwa baadhi ya nyimbo, sahani iliyochakaa ndiyo nakala iliyobaki, na sahani za kale hazikurekodiwa zote kwa kasi iliyoandikwa kwenye lebo. Anayezinakili akiwa na pawa saplai inayorekebishika anaweza kushusha hadi hezi 49.3 au kupandisha hadi 50.6, akasikiliza ala na sauti, akaamua, na akaiandika namba hiyo kwenye kumbukumbu ya nakala. Mtafiti atakayekuja na hoja bora kuhusu kasi ya sahani ile atakuwa na namba ya kuisahihisha.