Kutazama Kabla ya Kutaja

Ukitoka Murera kwenda Nairobi, unayaacha mashamba ya kahawa yanayozidi kumegwa kuwa viwanja, unapita Ruiru, kisha unaifuata barabara ya Thika hadi Muthaiga. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Mathari, iliyofunguliwa mwaka 1910. Kwa zaidi ya karne moja familia za upande huu zimewapeleka wagonjwa wao huko, mara nyingi hukumu ikiwa imekwisha kutolewa njiani: amerogwa, ni bangi, ni wazimu. Kazi ninayoisifu huanza pale tabibu anapoziweka kando hukumu hizo na kumtazama mtu aliyeketi mbele yake.

Kuchunguza hali ya akili ya mgonjwa hakuna eksirei wala tone la damu la kutoa jibu. Vyombo vyake ni macho, masikio na maswali, ila utaratibu wake ni mkali. Tabibu huanza na mwonekano: amevaaje, anatazama wapi, mikono inafanya nini. Husikiliza usemi: kasi yake, ukimya kabla ya jibu. Humwuliza moyo wake ukoje, kisha akalinganisha jibu na uso. Hufuatilia kama mawazo yanashikamana, kama kuna imani isiyotikiswa na ushahidi wowote, kama mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na kama anajua yuko wapi na leo ni siku gani. Mwisho humwuliza yeye mwenyewe anaonaje: anaumwa, au anasingiziwa?

Tuchukue mfano wa shosho ambaye kwa siku mbili amekuwa akizungumza na watu wasiokuwepo. Nyumbani wanasema ni uzee. Majirani wanasema ni mapepo. Tabibu makini anaona kwamba asubuhi alimtambua mwanawe na jioni hamtambui, anasinzia katikati ya sentensi, na anawafukuza wadudu wasioonekana ukutani. Kuchanganyikiwa kunakozuka ghafla na kupanda na kushuka hivyo humwelekeza tabibu mwilini: nimonia, maambukizi ya mkojo, sukari iliyoshuka. Shosho huyo anahitaji vipimo vya mwili siku hiyohiyo. Kijana aliye macho kabisa, anayeijua tarehe, lakini ambaye kwa miezi amesikia sauti zikimjadili, ana safari nyingine ya matibabu. Jirani angewaita wote wawili wendawazimu. Tabibu amewatenganisha kwa kutazama na kuuliza tu.

Ufundi huu pia hudai kumjua mtu na maisha yake. Swali la kawaida la kupima umakini ni kutoa 7 kutoka 100, kisha 7 tena: 93, 86, 79. Kwa mchuma kahawa ambaye hakusoma, swali hilo hupima shule aliyoikosa. Tabibu mwerevu humwuliza: ukinunua unga wa shilingi 160 ukatoa 500, utarudishiwa ngapi? Naye hukubali kwamba mgonjwa akisema amerogwa, huenda anasema tu yale ambayo kijiji kizima kinaamini, na hilo peke yake si ugonjwa.

Mathari yenyewe inatufundisha hasara ya kupuuza nidhamu hii. Daktari J. C. Carothers alikabidhiwa hospitali hiyo mwaka 1938 bila mafunzo ya magonjwa ya akili, akaiongoza hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kilichodai kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata aliiandikia serikali ya kikoloni maelezo ya Mau Mau yaliyoyasukuma madai ya ardhi nyuma ya kasoro za akili. Alikaa miaka mingi na wagonjwa, lakini alikuwa na jibu lake kabla ya kuwasikiliza.

Hakuna mahali panapohitaji usikivu zaidi kuliko kwenye swali la kujiua. Kumwuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kupumua. Katika nchi hii swali hilo lilikuwa na kivuli cha polisi hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, kinapingana na Katiba. Sasa mgonjwa anaweza kusema kweli bila kukiri kosa, na tabibu anaweza kumwomba jamaa azifungie dawa za shamba na akae karibu naye.

Nawe msomaji, siku utakapompeleka ndugu yako hospitali ya Thika au Mathari, usiingie na jina la ugonjwa mdomoni. Sema ulichokiona: ilianza lini, halali tangu lini, amesema nini hasa, amekula nini, anatumia dawa gani. Kisha mwache azungumze mwenyewe na tabibu, hata kama maneno yake yanakuchoma. Ukifanya hivyo umekwisha kuianza kazi ya tabibu, na umemtendea ndugu yako haki.