Kuinua Uso Kwenye Barakoa

Mgonjwa anapopewa nusukaputi, yaani dawa inayomlaza usingizi asihisi kisu cha mpasuaji, misuli inayoiweka wazi njia yake ya hewa hulegea, ulimi na kaakaa laini hurudi nyuma kuelekea ukuta wa koromeo, na kidakatonge, kile kifuniko kidogo kilichoko juu ya zoloto, huweza kuuziba mlango wa hewa. Kabla mpira wa kupumulia haujaingizwa kwenye koo, mtaalamu wa usingizi humpumulisha mgonjwa kwa barakoa na mfuko wa kukamua, kazi ambayo kwa mtazamaji huonekana nyepesi mno kustahili sifa.

Anayejifunza huamini kwamba hewa ikivuja dawa yake ni kuikandamiza barakoa kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo anapoharibu, kwa kuwa kila akikandamiza huusukuma utaya nyuma na kuifunga njia ileile aliyotaka kuifungua. Fundi hufanya kinyume: huuinua uso uifuate barakoa. Kidole gumba na cha shahada huishika barakoa kwa juu, na vidole vitatu vilivyobaki hukaa kwenye mfupa wa utaya, wala si kwenye nyama laini ya chini ya kidevu, ambako kubonyeza huusukuma ulimi juu, hasa kwa mtoto mchanga. Kisha utaya huvutwa mbele mpaka meno ya chini yayatangulie ya juu. Tendo hilo, ambalo madaktari Heiberg na Esmarch walilieleza katika karne ya 19, zama za klorofomu, halijapata mbadala ulio bora, ingawa mrija uliopinda wa mdomoni, aliouleta Arthur Guedel wa Marekani mwaka 1933, hulisaidia sana kwa kuuzuia ulimi usianguke.

Mkono mmoja ukishindwa, ushikaji wa mikono miwili, huku mtu mwingine akiukamua mfuko, hufaa zaidi, na pengine ungestahili kuwa hatua ya mapema badala ya kuachwa mpaka jasho limtoke mtu. Kinachouchelewesha mara nyingi ni fahari tu. Mfuko nao hukamuliwa kwa upole, shinikizo lisizidi takribani sentimita 20 za maji, kwa sababu hewa inayosukumwa kwa nguvu hupenya umio na kulijaza tumbo, na tumbo lililojaa huweza kurudisha yaliyomo hadi mapafuni.

Ufundi huu huanza hata kabla ya usingizi, kwa kuusoma uso. Utafiti wa Langeron na wenzake, uliofanywa Ufaransa kwa wagonjwa 1,502 na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba ugumu hutarajiwa zaidi kwa mwenye ndevu, asiye na meno, anayekoroma, mnene, au aliyevuka miaka 55. Mzee asiye na meno ana mashavu yaliyobonyea, hivyo hewa hutorokea pembeni. Kumwachia meno yake ya bandia mpaka dakika ya kuingiza mpira, au kuuweka ukingo wa chini wa barakoa kati ya mdomo wa chini na ufizi, huziba mwanya ambao nguvu za mkono haziuzibi. Mnene naye huinuliwa kwa mito kuanzia mabegani mpaka tundu la sikio lilingane na kidimbwi kilicho juu ya mfupa wa kidari.

Kifua kinachopanda ni ishara njema, lakini ushahidi ulio imara zaidi hutolewa na kapnografu, mashine inayochora kabonidayoksaidi ya kila pumzi itokayo: mchoro wenye kilele bapa huonyesha kwamba hewa imefika na kurudi, na mstari uliolala humwambia fundi aache kukazana, aongeze kina cha usingizi au dawa ya kulegeza misuli, au aitupe barakoa ya uso na kuweka ile ya juu ya zoloto, iliyobuniwa na Archie Brain wa Uingereza, ambayo hukaa kooni bila kungoja vidole vya mtu.