Vumbi la Polishi Huenda Wapi

Chupa nyingi za polishi ya mashine siku hizi huuzwa kwa ahadi ya kutotoa vumbi. Ahadi hiyo si ya uongo, ila ina sehemu isiyosemwa. Kusugua rangi ya gari kwa mashine ni kuisaga, na kinachosagwa lazima kiende mahali. Polishi isipokirusha hewani, itakifungia kwenye sponji, itakirusha kama matone, au itakiacha juu ya bati kikisubiri kitambaa. Fundi anayechagua polishi anachagua, kwa hakika, uchafu wake uende wapi.

Tuanze na hesabu. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, huwa na unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Kati ya hizo, laka angavu ya juu, ile mafundi wanayoiita klia, huchukua mikroni 35 hadi 50. Tuseme fundi anaondoa mikroni 2 ili mikwaruzo iliyoletwa na vitambaa vya kuoshea gari ipotee. Katika eneo la mita moja ya mraba zimetoka sentimita 2 za ujazo za klia, yaani gramu 2 na ushei. Juu yake zipo chembe za kusagia zilizokuja na polishi yenyewe. Hakuna kiwanda kinachoweza kuzifanya gramu hizo zitoweke. Kinachoweza kufanywa ni kuziweka katika hali ya unyevu au kuziacha zikauke.

Hapo ndipo kimiminika kinapoingia. Polishi ni chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, zikielea katika mchanganyiko wa maji, mafuta mepesi na mazito yatokanayo na petroli, na vilainishi kama gliserini. Kazi ya mchanganyiko huo ni ileile ya maji kwenye jiwe la kunolea kisu: kulainisha, kupoza, na kubeba kilichosagwa kisizibe jiwe. Maji na mafuta mepesi huruka haraka bati likipata joto, ilhali mafuta mazito hubaki. Kimiminika kikiisha kabla ya chembe kumaliza kazi, chembe husugua pakavu, na kila mzunguko wa sponji hutupa unga mweupe kwenye raba za milango, kwenye grili na kwenye kila mwanya wa bampa.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Meguiar's, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 1901 kwa kutengeneza polishi ya samani na kununuliwa na 3M mwaka 2008. Bidhaa zake mbili, M105 ya kukata na M205 ya kumalizia, zilijengwa juu ya wazo moja la chembe. Polishi za zamani zilitumia chembe zinazovunjika kadiri zinavyosuguliwa: zinaanza kali, zinaishia laini, na fundi hana budi kuzisugua mpaka zivunjike zote. Chembe za M105 na M205 hazitegemei kuvunjika. Ni ndogo na za ukubwa unaolingana tangu mwanzo.

Hata hivyo sifa zao kwenye gereji zilitofautiana sana. M105 ilipendwa kwa kuondoa alama za msasa kwa kasi, na ililalamikiwa kwa kukauka mapema na kutoa vumbi jingi. M205 ilisifiwa kwa kukaa mbichi muda mrefu na kufutika bila shida. Chembe za M205 ni laini zaidi na hukata kidogo, kwa hiyo takataka zake ni chache tangu mwanzo, lakini hilo pekee halitoshi kueleza tofauti. Sababu kubwa ni kimiminika. M105 ilitungwa ikate haraka, na kilainishi kingi hupunguza ukali kwa kuziinua chembe zisiume rangi.

Namna mafundi walivyoidhibiti M105 ina somo zaidi ya chupa yenyewe. Mmarekani Kevin Brown alijulikana katika fani hii kwa utaratibu wa kuitumia kwenye mashine inayozunguka huku ikitikisika, badala ya ile ya mzunguko mmoja tu. Msingi wake ulikuwa kupaka polishi uso mzima wa sponji kabla ya kuanza, ili pasiwe na sehemu kavu inayosugua bure, kisha kuongeza kidogo tu na kuisafisha sponji mara kwa mara. Wengine walipuliza ukungu wa maji kidogo kwenye sponji ili kurefusha uhai wa polishi. Bidhaa ni ileile. Uchafu umeelekezwa kwingine.

Njia ya tatu inaonekana kwenye G3 ya Farécla ya Uingereza, kampaundi inayotumiwa pamoja na maji. Fundi hupuliza maji juu ya bati na kusugua, na takataka hutoka kama matone ya maziwa badala ya unga. Vumbi hewani hupungua, lakini matone hutapakaa kwenye vioo na magurudumu, na yasipooshwa mapema hukauka yakashika. Kwa gereji ya rangi yenye bomba la maji na eneo la wazi, hilo si tatizo. Kwa fundi anayemfuata mteja nyumbani na kufanyia kazi kwenye maegesho yenye vigae, ni kero.

Mashine nayo ina sauti yake. Ile ya mzunguko mmoja ikipita mizunguko 2,000 kwa dakika hupasha bati moto na kutupa kila kitu nje kwa nguvu. Kati ya 1,000 na 1,500 polishi hupata muda wa kufanya kazi. Sponji ya sufi hukata vizuri, lakini huongeza nyuzi zake kwenye vumbi. Ya maikrofaiba hushika takataka nyingi, kwa hiyo hudai kupulizwa kwa kompresa au kusuguliwa kwa brashi kila baada ya eneo moja. Polishi ikizidi pia huleta vumbi, kwa kuwa ile ya ziada haina rangi ya kusaga: hukauka tu na kupeperuka. Matone matatu au manne madogo yanatosha eneo la nusu mita kwa nusu mita.

Kisha kuna hali ya hewa, ambayo maelezo ya chupa hayaifahamu. Boneti jeusi lililoanikwa juani Dar es Salaam haligusiki, na polishi yoyote ya maji itakauka juu yake kabla sponji haijaieneza. Kivuli ni lazima, na bati lipoe hadi kiganja kitulie juu yake. Hata kivulini, upepo mkavu wa Dodoma hunyonya maji haraka, kwa hiyo polishi yenye mafuta zaidi ina nafasi huko. Pwani, unyevu wa hewa huchelewesha kukauka, na polishi yenye mafuta mengi inaweza kugeuka utando wa kunata usiofutika kirahisi. Chupa inayosifiwa mahali pamoja si lazima ing'are mahali pengine.

Gari lenyewe linafaa kuulizwa pia. Toyota nyeusi yenye namba ya rangi 202 inafahamika kwa ulaini wake na kwa kukosa klia juu. Sponji inayotoka hapo ikiwa nyeusi haina kasoro. Ni rangi yenyewe inayosagwa. Kwenye gari jeusi lenye klia, sponji ikibadilika kuwa nyeusi ni onyo: klia imekwisha mahali fulani, na mashine izimwe mara moja.

Sasa gharama iliyojificha. Mafuta yanayozuia vumbi ndiyo hayohayo yanayojaza mikwaruzo na kuifanya isionekane. Gari hutoka gereji likimeremeta, likaoshwa mara mbili, na mistari ikarudi. Kwa hiyo jaribio la kweli la polishi ya vumbi kidogo lina hatua mbili. Gawa boneti kwa utepe wa karatasi, tumia polishi moja kila upande kwa sponji mpya za aina moja, kiasi kimoja, kasi moja na idadi moja ya kupita. Bandika utepe mweusi wa umeme pembeni mwa kila upande: unga utakaotua juu yake unaonekana bila kubishana. Baada ya hapo futa pande zote mbili kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, angaza kwa tochi, na uangalie mikwaruzo ipi imeondoka kweli na ipi ilikuwa imefunikwa. Angalia na ugumu wa kufuta, kwa sababu kitambaa kinachokwaruza kwenye mabaki yaliyonata kinaweza kurudisha mistari uliyokwisha kuiondoa.

Yapo mawili ya kusoma kwenye chupa na kwenye karatasi yake ya usalama. Gereji inayopuliza rangi itafute polishi isiyo na silikoni, maana silikoni ikitua kwenye bati linalosubiri rangi mpya huleta vidimbwi vya mviringo ambavyo rangi inavikimbia. Na kama karatasi inataja silika ya fuwele, barakoa nzuri ni sehemu ya kazi, kwani unga wa silika huharibu mapafu.

Uamuzi basi unategemea mahali pa kazi. Gereji yenye kompresa na nafasi ya wazi inaweza kuvumilia polishi ya kukata yenye vumbi, kwa kuwa hewa ya kompresa italifukuza na kazi itaisha mapema. Fundi wa kuhamahama, au anayefanya kazi ndani ya chumba, ana sababu ya kulipia kimiminika kinachodumu. Lakini bei ya chupa hiyo ni nusu tu ya gharama, kwa kuwa unga usioruka umekaa kwenye sponji. Anayeinunua bila sponji za kubadilisha na brashi ya kuzisafishia atafurahia paneli mbili za kwanza. Kuanzia ya tatu, sponji iliyojaa klia iliyosagwa itaanza kuchora mistari mipya badala ya kuifuta ya zamani.