Mchuzi wa Kifaransa Bila Mvinyo

Mkahawa mdogo wa Kifaransa uliopo mtaani Dubai, nje ya hoteli, huanza kazi bila vitu viwili: mvinyo na nguruwe. Leseni ya pombe kwa kawaida hufuata hoteli na klabu. Kwa mfano, Couqley, mkahawa wa Kifaransa wenye asili ya Beirut, uliingia mtaa wa Jumeirah Lakes Towers ukiwa ndani ya hoteli. Nguruwe huhitaji kibali cha Manispaa na mahali pake pa kutayarishia, na jiko finyu halina nafasi hiyo.

Ugumu hujitokeza hasa kwenye boeuf bourguignon, nyama ya ng'ombe inayopikwa taratibu kwa mvinyo mwekundu, karibu chupa nzima kwa kilo moja na nusu. Mpishi asiye na mvinyo hukimbilia juisi ya zabibu, na hapo ndipo anapoharibu. Lita moja ya juisi hiyo ina takriban gramu 150 za sukari. Ikichemshwa hadi ipungue, mchuzi huwa kama jemu. Mvinyo mkavu hauleti utamu. Huleta uchachu unaokata mafuta, ukakasi, rangi na harufu, na kila kimoja hutafutiwa njia yake. Uchachu hutoka kwenye maji ya zabibu mbichi, yanayouzwa katika maduka ya Walebanoni na Wairani. Ukakasi huletwa na chai ya rangi iliyokolea, kidogo tu. Rangi hutokana na nyanya ya kopo iliyokaangwa hadi iwe ya kahawia, na nyama iliyokaangwa mafungu madogo madogo, maana sufuria ikijaa, nyama hutoa maji na kuchemka. Harufu ya mvinyo wenyewe hairudi, na ni heri mpishi akubali hivyo kuliko kuibandika kwa viungo.

Uzito wa mchuzi haukuwahi kutegemea mvinyo. Muundi na mkia vina kolajeni nyingi, ambayo kwenye joto la zaidi ya nyuzi 70, kwa saa tatu hivi, huyeyuka na kuwa jelatini. Badala ya nguruwe wa mapishi ya asili hutiwa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi. Kwa kuwa haina mafuta ya kutosha, huongezewa mafuta ya bata.

Jiko la wapishi wawili hufaidika na chakula hiki: hupikwa jana yake, kikapashwa moto wateja wakifika. Coq au vin, kuku wa mvinyo, ambayo jina lake lenyewe limetaja mvinyo, huachwa. Nafasi yake huchukuliwa na kuku wa siki wa Lyon.