Hongera kwa Mafundi Chokaa wa Kilwa

Mgeni anayevuka kwa jahazi kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani huonyeshwa ngome iitwayo Gereza, kisha Msikiti Mkuu wenye kuba zake, halafu hupelekwa Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane juu ya bahari. Ataambiwa kwamba Ibn Battuta alifika mjini mwaka 1331. Ni nadra kuambiwa nani anazuia kuta hizo zisidondoke.

Ni mafundi chokaa, na wenyeji wamo. Kazi yao haitaki pupa. Chokaa ya pwani hutokana na matumbawe yaliyochomwa kwa magogo. Huloweshwa, huachwa ikomae, ndipo ichanganywe na mchanga. Saruji ingeharakisha mambo, lakini ni ngumu mno kwa jiwe la tumbawe: hufungia unyevu na chumvi, ukuta ukaliwa kwa ndani. Chokaa hupumua. Tena fundi mzuri hajengi kasri jipya la kufurahisha watalii. Huziba ufa, hushikiza jiwe lililolegea, hung’oa mizizi, basi. Hapo pa kujizuia ndipo ninapowavulia kofia.

UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikayatoa 2014. Sifa nyingi ziliwaendea wenye mihuri. Hongereni nyie wenye mwiko. Na wapanga bajeti wasingoje hatari nyingine ndipo wawakumbuke.