Nondo wa Unyanyembe: Uhakiki wa Neno Moja la Kamusi

Ubora wa kamusi hupimwa vema zaidi kwa maneno yake madogo. Maneno ya dini, ya sheria na ya ushairi yana watetezi wengi, na kosa likiingia humo haliishi siku nyingi kabla ya kurekebishwa. Maneno ya ghalani, ya mzingani na ya shambani hayana bahati hiyo. Mojawapo ni nondo. Neno hili hutumiwa kwa mamia ya wadudu wadogo warukao usiku, ambao hula mali ya watu kimyakimya; na msomaji akitaka kujua ni yupi kati yao anayesemwa, mara nyingi kamusi humwacha pale pale ilipomkuta.

Sababu yake si ngumu kuiona. Kamusi za mwanzo, tangu ile ya Krapf iliyotolewa mwaka 1882 hadi ile ya Johnson ya mwaka 1939, zilitungwa ili kumsaidia mgeni aliyetaka kulinganisha neno la Kiswahili na neno la lugha yake. Kwa kazi hiyo ilitosha kutoa neno moja kwa neno moja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilipiga hatua kubwa, kwa kuwa ilieleza Kiswahili kwa Kiswahili. Hata hivyo, kueleza neno kwa Kiswahili ni kazi moja, na kulichunguza upya pale watu wanapolitumia ni kazi nyingine. Kazi hii ya pili ndiyo inayohitajiwa na nondo.

Mahali panapofaa kuanzia ni Tabora. Mji huu, ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1857 na kuuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara: barabara moja ilitoka Bagamoyo kupitia Ugogo, nyingine ilikwenda Ujiji kwenye ziwa, nyingine ikaelekea kaskazini Karagwe na Buganda. Kiswahili kilifika Unyanyembe pamoja na mizigo, na wapagazi wa Kinyamwezi walikichukua na kukirudisha pwani mara nyingi kuliko mwalimu ye yote. Basi mali iliyopita katika njia hiyo, yaani vitambaa, pembe, nta na nafaka, ni kipimo kizuri cha neno lililopewa mdudu mharibifu wa mali.

Yafaa kuanza na vitambaa, kwa maana nondo hufahamika na wengi kuwa mdudu wa nguo. Katika tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952, iliyosomwa sana bara, nondo amewekwa pamoja na kutu katika sura ya 6 ya Mathayo, kuwa mfano wa vitu vinavyoharibu hazina za duniani. Lakini nondo wa nguo anayejulikana na wataalamu, Tineola bisselliella, hula manyoya, nywele na sufi ya wanyama. Kiwavi wake ana uwezo wa kuyeyusha tumboni kitu kile kigumu kinachofanya nywele, kucha na pembe. Pamba tupu haimlishi. Na nguo ya misafara ilikuwa pamba: merikani iliyotoka Marekani, na kaniki ya rangi ya buluu iliyotoka India. Marobota yale yalikuwa na adui zake, mchwa, panya na unyevu, lakini nondo wa nguo hakuwa na chakula humo. Kamusi ikisema tu kwamba nondo ni mdudu alaye nguo, inasema kweli kwa watu wavaao sufi, na inampoteza mtu wa Tabora ambaye robota lake la pamba limetobolewa na mdudu mwingine.

Mfano wa pembe ni mzuri zaidi, kwa kuwa unaifunza lugha yenyewe jambo. Kiswahili huita pembe kile kilicho juu ya kichwa cha ng'ombe na paa, na huita pembe vilevile ile ya ndovu iliyobebwa begani kutoka Unyanyembe hadi pwani. Yuko nondo mdogo wa nyika za Afrika, Ceratophaga vastella, ambaye viwavi wake huishi ndani ya pembe na kwato za wanyama waliokufa. Pembe iliyoshambuliwa huonekana imeota vijibomba vya udongo na kinyesi vilivyoshikanishwa kwa nyuzi, na mpita njia asiyejua huweza kudhani kwamba pembe imeotesha mizizi. Nondo huyu yu jamaa wa karibu wa yule wa nguo, nao wana ulaji mmoja: pembe ya nyati na pembe ya paa kwake ni kama sufi ngumu. Ile ya ndovu haigusi, maana hiyo ni jino. Hivyo lugha imeunganisha vitu viwili kwa umbo lao, na mdudu amevitenga kwa asili yao. Mtunga kamusi hana haja ya kuisahihisha lugha hapa. Ana haja ya kuonyesha mpaka huo wazi, maana fasili ya mdudu alaye pembe, isipoeleza ni pembe gani, itamfanya msomaji aogope hasara ambayo haiwezi kutokea.

Kutoka pembe inafaa kuingia katika mali ambayo hata leo huipa Tabora jina lake, yaani asali na nta. Katika misitu ya miombo mizinga ya magogo na ya magome hutundikwa mitini, na mrina asali anajua kwamba kundi la nyuki likidhoofika, masega yake hujaa nyuzi, kinyesi na viwavi. Mdudu huyo huitwa nondo wa nta. Jina hili limekubalika, lakini linastahili kuhakikiwa. Kiwavi wake hula hasa masega yaliyokwisha kulelewa majana, kwa sababu humo ndimo yalimobaki magamba ya majana, chavua na uchafu mwingine wenye lishe. Nta iliyoyeyushwa na kuchujwa ikawa safi haimstawishi. Kwa maana hiyo nondo wa masega lingekuwa jina la kweli zaidi. Na tofauti hiyo ina faida, maana humfundisha mrina kwamba dawa ya kwanza ni kutoacha masega makuukuu yakikaa, na kuiyeyusha nta mapema.

Aidha, jina hilo moja limefunika wadudu wawili. Yuko mkubwa, Galleria mellonella, aliyepewa jina na Linnaeus mwaka 1758, na yuko mdogo, Achroia grisella, mwenye mwili wa rangi ya fedha iliyofifia na kichwa cha manjano. Wote wawili ni wa familia moja, ila jenasi zao ni mbali. Kwa mrina jina moja latosha, kwa kuwa hasara ni moja na dawa ni moja. Kwa mtafiti halitoshi. Kamusi iliyo nzuri ingeweza kuwaridhisha wote wawili kwa kuweka jina la jumla kwanza, kisha nondo mkubwa wa masega na nondo mdogo wa masega chini yake.

Hapo ndipo unapoonekana utaratibu wa Kiswahili wenyewe. Lugha hii haikuwapanga wadudu hawa kwa mishipa ya mabawa wala kwa viungo vya uzazi vinavyotazamwa kwa hadubini. Imewapanga kwa kile wanachokula. Mtu asiharakishe kuudharau mpango huo. Wataalamu wa Ulaya nao, kwa zaidi ya karne moja, waliwatenga nondo wadogo kuwa kundi la peke yake, na Edward Meyrick, mwalimu wa shule huko Uingereza aliyefariki mwaka 1938, alieleza maelfu ya spishi zao kutoka nchi nyingi za dunia. Hata hivyo kundi hilo halikuwa ukoo. Lilikuwa kundi la manufaa, lililotokana na udogo wa wadudu na desturi ya wakusanyaji. Nondo mkubwa wa masega amehesabiwa humo, ingawa wako nondo wengine walio wadogo kuliko yeye na hawakuhesabiwa. Tena vipepeo wenyewe, ambao kamusi hupenda kuwatumia kuwa kipimo cha kumwelezea nondo, ni tawi moja dogo tu la mti huo: kati ya spishi zaidi ya 150,000 zilizokwisha kuelezwa, wao ni kadiri ya 18,000. Kumwita nondo mfano wa kipepeo ni kueleza shina kwa tawi lake.

Lakini mpango wa ulaji una udhaifu wake, na uhakiki wa haki hauna budi kuutaja. Kama unavyounganisha wawili kuwa mmoja mzingani, vivyo hivyo huweza kumgawa mmoja kuwa wawili shambani. Phthorimaea operculella hutoboa viazi mviringo, na pia huchimba majani ya tumbaku. Mkulima wa Mbeya ana sababu ya kumwita nondo wa viazi, na yule wa Urambo ana sababu ya kumwita nondo wa tumbaku. Na kamusi ikiyapokea majina yote mawili bila kuyaunganisha, itakuwa imeumba mdudu wa pili asiyekuwapo. Udhaifu mwingine ni wa umri. Mharibifu ni kiwavi, na aitwaye nondo ni yule mwenye mabawa. Katika nondo wa nguo na wa masega, huyo mwenye mabawa hali kitu kabisa. Mtu akiua warukao taani na kuwaacha viwavi ndani ya sanduku, ameadhibu jina na kumwacha mkosaji.

Kwamba mambo haya yanagusa chakula cha watu, Tabora yenyewe ni shahidi. Mwaka 1981 iliripotiwa huko kuwapo kwa mdudu mgeni wa mahindi aliyetoka Amerika ya Kati, Prostephanus truncatus, ambaye kabla ya hapo hakuwa amejulikana katika Afrika. Huyu si nondo, ni wa jamii ya mbawakawa. Lakini ghalani alikuta wenzake wa zamani, yaani fukusi, na yule nondo mdogo wa nafaka, Sitotroga cerealella, ambaye kiwavi wake hukua ndani ya punje moja na kutokea kwa tundu dogo la mviringo. Mwenye kuona unga na matundu tu angeweza kuwahesabu wote kuwa mdudu mmoja. Kumbe mgeni huyu alishambulia mahindi yangali katika magunzi, na dawa iliyomtosha fukusi haikumtosha yeye. Ikawa lazima mahindi yapukuchuliwe kwanza na kuchanganywa na dawa ya namna mbili. Aliyekosea jina alikosea dawa, na aliyekosea dawa alipoteza akiba ya mwaka.

Wakulima hawakungoja kamati ya istilahi. Walimwita mdudu huyo Scania, kwa jina la lori kubwa, na jina la dumuzi nalo likashika. Jambo kama hilo lilitokea tena nondo mdogo wa nyanya, Tuta absoluta, alipoingia Tanzania mwaka 2014. Meyrick ndiye aliyemweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1917, kutokana na nondo waliotoka Peru. Wakulima wa Tanzania wakamwita kanitangaze. Jina hili lastahili kutazamwa na mwanasarufi, maana ni kitenzi kizima katika hali ya kuamuru, chenye kiambishi cha -ka- kidokezacho mwendo: nenda ukanitangaze. Mdudu amepewa kinywa, na sentensi yake imekuwa nomino. Kamusi itakayoliacha neno hilo nje kwa kuliona la mitaani itakuwa imekataa ushahidi ulio bora kabisa wa jinsi lugha inavyojitungia istilahi wakati wa shida.

Kutokana na hayo, kidahizo cha nondo chahitaji mambo manne. La kwanza ni ngeli, kwa kuwa nondo huyu na nondo hawa ni wadudu, ambapo nondo hii na nondo hizi ni vyuma vya kujengea, na upatanisho ndio mpaka pekee kati ya maneno hayo mawili. La pili ni umri wa mdudu, ili kiwavi na nondo waonekane kuwa kiumbe kimoja. La tatu ni chakula chake, kikitajwa kwa usahihi: sufi wala si pamba, pembe ya paa wala si ya ndovu, masega wala si nta safi. La nne ni jina la kitaalamu pamoja na mahali neno lilipokusanywa, ili majina mawili ya mdudu mmoja yaweze kukutanishwa na jina moja la wadudu wawili liweze kufumuliwa.

Kazi hiyo haimtaki mtunga kamusi awe mtaalamu wa wadudu. Yamtaka aende na daftari lake mpaka mzingani na ghalani, akiwa na mtaalamu upande mmoja na mrina asali upande wa pili, na asiandike fasili mpaka wote watatu wamekubaliana kwamba mdudu aliye mbele yao ndiye anayesemwa.