Tanga la Udongo

Jahazi lile la udongo liliharibika pale mlingoti uliposimamishwa ukiwa mbichi. Moto ulikuja kulimalizia tu.

Mliokuwapo siku lilipochomwa hapa Songea mliuona mkono wa fundi: omo imechongoka, tezi imetulia, ubavu umekwanguliwa kwa kigae mpaka ukalainika. Hapo sina neno.

Kisha akachukua pingili ya udongo nene kama kidole gumba, akaipachika katikati kwa tope. Juu yake akategemeza foromali na tanga jembamba kama chapati, vyote vya udongo uleule, akavianika pamoja na kuvichoma pamoja. Kosa ni hilo. Tanga jembamba hukauka mapema na kusinyaa, huku kitako cha mlingoti na ngama vingali na maji. Kimoja kinavuta, kingine hakijawa tayari kufuata, na panapoachia ni kwenye kiungo. Tangu ubichi hadi kuiva, udongo unaweza kupungua hata sehemu moja katika kumi. Maji yaliyobaki ndani yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Moto wa wazi wa majani na kuni nao haulambi pande zote sawasawa, seuze tanga lililosimama wima. Nilikuwa hatua tatu tu, nikausikia: tak! Ufa ulianzia kitako cha mlingoti ukashuka hadi kwenye mkuku.

Njia ni hii: tundu la mlingoti hutobolewa udongo ungali mbichi, tena lizidi kidogo unene wa kijiti kitakachokuwa mlingoti, maana litasinyaa. Unachoma chombo peke yake. Kikishapoa ndipo unaposimamisha mlingoti wa mti, ukiinamia omo kama wa jahazi la kweli, na kufunga tanga la kitambaa.

Mabingwa wangu ni hawa. Wanawake wa Kikisi kule Ikombe, Ziwa Nyasa, hufinyanga bila gurudumu, na ukuta wa chungu chao ni mwembamba kotekote, basi hukauka kwa pamoja. Waliounda mtepe uliopewa jina la Shungwaya kule Zanzibar mwaka 2003 walishona mbao kwa kamba. Mti ukabaki mti, kamba ikabaki kamba, kila kimoja na kazi yake.

Na rangi ya mafuta! Miaka yote naipinga, kwa sababu inafuta alama za moshi ambazo ndizo uso wa chombo cha udongo. Safari hii imepakwa ya buluu juu ya ufa. Mimina kikombe cha maji ndani ya jahazi lile, yatatokea chini ya mkuku.